Pikapu ndogo, trela lilelile: uchambuzi wa kisa cha kilo 5,250

Mwenye gari ni mkandarasi mdogo wa kuchimba mitaro ya mabomba na misingi ya nyumba. Mtambo wake ni kijiko kidogo cha kilo 1,700, pamoja na ndoo zake za akiba za kilo 150. Hupanda juu ya trela la ekseli mbili lenye uzito wa kilo 650 likiwa tupu. Jumla kilo 2,500. Kwa miaka yote trela hilo lilikuwa likivutwa na pikapu kubwa ya dizeli, ile aina ambayo tupu tu inazidi tani tatu, na lilimfuata bila kelele.

Tatizo la pikapu kubwa ni kwamba siku nyingi kijiko kinalala saiti na gari linazunguka na watu watatu na sanduku la spana. Inakunywa mafuta, tairi zake ghali, na kuiegesha ni shughuli. Akaiuza, akachukua pikapu ya ukubwa wa kati, kabini mbili, giaboksi ya otomatiki. Kabla ya kununua alitazama namba moja tu: uwezo wa kuvuta, kilo 3,500 kwa trela lenye breki. Trela lake ni 2,500. Akajiona ana akiba ya tani nzima.

Safari ya kwanza na kijiko ikamwonyesha mambo. Nyuma ya gari iliketi. Usukani ukawa mwepesi kama vile tairi za mbele hazigusi vizuri. Usiku wanaokuja mbele walikuwa wanamwashia taa full ingawa zake zilikuwa chini. Na kwenye mteremko mrefu trela lilianza kuyumba, kidogo kidogo, kisha si kidogo. Alipokuja kwangu alikuwa tayari ameshajitibu: "Fundi, niwekee springi nzito na ile mipira ya upepo, yaishe."

Nikamwambia, bosi, kwanza tupime. Springi tutazungumza baadaye.

Namba ambazo hakuzisoma zilikuwa kwenye kibati cha mlangoni na kwenye kitabu cha gari. Uzito mtupu 2,100. Uzito wa juu kabisa wa gari likiwa limepakiwa, 3,050. Mwisho wa ekseli ya nyuma, 1,750. Mwisho wa gari na trela kwa pamoja, 5,850. Na uzito unaoruhusiwa kulalia kiungio, pale nyuma ya gari trela linaposhika, 350. Ile 3,500 ya kwenye tangazo ni namba moja kati ya sita, na kwa pikapu za ukubwa huu ndiyo inayochelewa kuliko zote kukubana.

Huo uzito mtupu nao una hila zake. Barani Ulaya gari linapimwa likiwa na dereva wa kilo 75 ndani, kwingine halina mtu. La bwana huyu halikuwa na mtu. Wala halikuwa na ngao ya mbele (kilo 60), kanopi ya bodi (80), wala kiungio chenyewe cha kuvutia (40). Vitu vitatu hivyo peke yake ni kilo 180 zilizokwishaliwa kabla mtu hajafungua mlango. Wanaposoma "uwezo wa mzigo kilo 950" watu hudhani 950 zote ni zao.

Ongeza watu watatu, 240. Sanduku la spana, minyororo na jeki, 140. Madumu ya dizeli ya kijiko, 90. Pikapu ikasimama kwenye mizani bila trela: 2,750. Ekseli ya mbele 1,320, ya nyuma 1,430. Mpaka hapo hakuna kosa.

Tukaunganisha trela, tukapanda tena. Shingo ya trela ilikuwa inalalia kiungio kwa kilo 330. Jumla ya ekseli mbili za pikapu ikawa 3,080, yaani kilo 30 zaidi ya kibali. Mwenye gari akatabasamu: kilo 30, si hata mfuko mmoja wa saruji haufiki? Lakini mizani ya ekseli ilisema hadithi nyingine. Nyuma 1,890, mbele 1,190. Ekseli ya nyuma ilikuwa imezidi kwa kilo 140, na ile ya mbele ilikuwa imepoteza 130.

Hapo ndipo penye kiini cha kisa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kilo 330 za shingo ziliongeza nyuma kilo 460. Zile 130 za ziada zimetoka wapi? Zimetoka mbele. Kiungio hakikai juu ya ekseli ya nyuma. Kiko mita 1.25 nyuma yake, na kutoka ekseli ya nyuma hadi ya mbele ni mita 3.08. Ekseli ya nyuma inageuka kuwa egemeo la wenzo: unakandamiza mkia, pua inanyanyuka. Chukua 3.08, ongeza 1.25, gawa kwa 3.08, unapata 1.4. Kila kilo inayolalia kiungio inafika ekseli ya nyuma ikiwa kilo 1.4, na kilo 0.4 inaondoka kwenye tairi za mbele, ambazo ndizo zinazokata kona na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki.

Pikapu kubwa ilikuwa inafuata hesabu hiyohiyo, ila ilikuwa ndefu zaidi kati ya ekseli, nzito zaidi mbele, na ekseli yake ya nyuma ilikuwa na nafasi ya tani ambayo haikuwahi kutumika. Ilikuwa inasamehe. Sanduku la spana lilikaa mwisho kabisa wa bodi, karibu na mlango wa nyuma, kwa sababu ndiko rahisi kulifikia. Madumu yalikaa pembeni yake. Mpangilio huo ulihamishiwa kwenye gari dogo kama ulivyo, na vyote viwili viko nyuma ya ekseli, kwa hiyo navyo vinanyanyua pua kabla trela halijafika.

Sasa springi. Ningeweza kuzifunga siku hiyohiyo, na gari lingesimama sawa, na angeondoka ameridhika. Ila springi nzito na mipira ya upepo hunyanyua bodi tu. Hazirudishi kilo 130 mbele. Hazibadilishi namba ya kibati, kwa sababu mwisho wa ekseli unategemea pia beringi, nyumba ya ekseli, breki, rimu na tairi. Na mipira ya upepo inayowekwa kati ya chasisi na ekseli ina ubaya wake: badala ya uzito kuingia kwenye chasisi kupitia ncha mbili za springi, unaingia pahali pamoja katikati. Pikapu za kabini mbili zilizopinda chasisi nyuma ya kabini si jambo la kusimuliwa tu. Ukiuliza, mara nyingi utakuta mzigo mkubwa nyuma ya ekseli na mipira iliyojazwa upepo mpaka mwisho.

Tulichofanya kilianza na kuhamisha vitu. Madumu ya dizeli yakahamia kwenye trela, yakafungwa juu kabisa ya usawa wa ekseli zake, ambako hayaongezi wala kupunguza uzito wa shingo. Sanduku la spana tukalifungua. Humo mlikuwa na minyororo ya kufungia kijiko, pini za akiba na shekeli za kuungia minyororo, vitu ambavyo vinatumika kwenye trela tu. Kilo 80 zikaenda huko. Kilo 60 zilizobaki zikafungwa nyuma ya kabini, mbele ya ekseli. Trela likafika 2,670. Kibati chake kinaruhusu 3,000, na hilo nalo tulilitazama kwanza, maana kulijaza trela ili kuliokoa gari ni kuhamisha kosa tu.

Kisha kijiko chenyewe. Kutoka kiungio hadi katikati ya ekseli za trela ni mita tatu na nusu. Kwa mtambo wa uzito huu, kuusogeza sentimita 10 kwenda nyuma kunapunguza karibu kilo 50 kwenye shingo. Wengi wanasogeza kwa macho. Tulihitaji kushuka kutoka 330 hadi 270, kwa hiyo sentimita 12 hivi, na pale minyororo inaposhika tukachomelea kizuizi ili opereta akipanda asiwe na haja ya kubahatisha.

Kwa nini 270, na si 150? Trela linalolalia kiungio kidogo mno ndilo linaloyumba vibaya zaidi. Desturi ya Marekani ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela. Ulaya wanakwenda na kidogo zaidi, lakini matrela yao na mwendo wao vimepangwa kwa hilo. Kwa trela fupi lenye mtambo mzito juu yake mimi sishuki chini ya kumi, na 270 kwa 2,670 ni kumi na nukta.

Kupima shingo hakuhitaji kifaa maalumu. Mizani ya bafuni inaishia kilo 150, basi unaipa theluthi. Chukua mbao nene. Ncha moja ilalie bomba chini, ncha nyingine ilalie bomba la pili juu ya mizani, na shingo ya trela uishushe kwenye theluthi ya kwanza kutoka ncha ya chini. Mizani itasoma theluthi moja ya uzito, toa uzito wa mbao uliosomeka kabla hujashusha. Yetu ilisoma 110 mwanzo, baadaye 90. Sharti trela liwe usawa, kwenye urefu uleule wa kiungio, na magurudumu yake yawe yamezuiwa kwa kabari. Hapo usicheze.

Tukarudi mizani. Pikapu peke yake 2,580. Ikiwa na trela, mbele 1,270, nyuma 1,580, jumla 2,850. Kilo 200 chini ya kibali cha gari, kilo 170 chini ya mwisho wa ekseli. Na gari na trela kwa pamoja? 5,250. Kabla ya kuhamisha chochote ilikuwa 5,250. Hatukupunguza hata kilo moja katika safari nzima.

Aliuliza kuhusu vile vyuma vya kusawazisha uzito vinavyofungwa kati ya kiungio na shingo ya trela, vinavyosukuma sehemu ya uzito kurudi mbele. Vinafanya kazi, na kwa gari jingine ningevipendekeza. Kitabu cha pikapu hii hakiviruhusu, na baada ya kupanga upya mbele ilikuwa inapoteza kilo 110 tu kati ya 1,380. Tukaviacha.

Breki zilituchukua muda kuliko tulivyotegemea. Trela hili lina breki za umeme: sumaku ndani ya kila ngoma, magurudumu manne. Pikapu kubwa ilitoka kiwandani na kidhibiti cha breki za trela kwenye dashibodi, hii ndogo haina. Tukavuta waya nene mpya moja kwa moja kutoka kwenye betri, ukiwa na fyuzi yake, hadi kwenye kidhibiti karibu na goti la dereva, kisha nyuma hadi kwenye soketi ya pini saba. Waya wa taa haufai kwa kazi hii. Sumaku moja ya breki za ukubwa huu hula takriban ampea tatu, nne ni ampea kumi na mbili, na ukizipitisha kwenye waya mwembamba volti zinaishia njiani na breki zinashika kwa uvivu.

Nikabana mita ya ampea kwenye waya, nikabonyeza kidhibiti kwa mkono mpaka mwisho. Sita. Nusu ya magurudumu yalikuwa hayana breki kabisa. Waya unaopita ndani ya ekseli ya nyuma ya trela ulikuwa umekula ngozi kwa kusuguana na chuma, na kwa kutu iliyokuwapo haukuwa wa juzi. Trela hilo lilikuwa limetembea na breki nusu kwa muda mrefu, na hakuna aliyejua, kwa sababu pikapu kubwa ilikuwa na breki za kulisimamisha yenyewe. Hesabu ya nishati haina huruma: kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, msafara wa kilo 5,250 una nishati mara mbili ya ile ya pikapu peke yake. Trela lisipojisimamisha, pedi na diski za gari dogo zinafanya kazi ya magari mawili, na hazikutengenezwa kwa hiyo.

Ukibadilisha gari la kuvuta, likague trela upya kama ulilinunua leo. Gari kubwa huficha maradhi ya trela.

Kidhibiti tulichochagua ni kile kinachohisi jinsi gari linavyopunguza mwendo na kulipa trela nguvu kwa kiasi hicho. Vile vya bei nafuu vinapandisha nguvu kwa kufuata muda tu, ukigusa pedali kidogo kwenye foleni trela linakushtua, ukikanyaga ghafla linachelewa. Kukiweka sawa ni kazi ya barabara tambarare na kavu, kilomita 40 kwa saa, trela likiwa limepakiwa: unavuta breki za trela peke yake kwa mkono, unapandisha mpaka magurudumu yanakaribia kujifunga, kisha unashusha kidogo. Ukikiweka trela likiwa tupu, kijiko kikipanda utakuwa na breki za mapambo.

Kiungio nacho. Mkono wa zamani ulikuwa umepindwa kwenda chini kwa sababu pikapu kubwa ilikuwa ndefu kwenda juu. Kwenye gari dogo ukaishusha shingo mpaka trela likatembea limeinamisha kichwa. Tukaweka mkono ulionyooka, trela likalala usawa. Tufe la zamani lilikuwa la inchi 2, yaani milimita 50.8, na kikombe cha trela ni cha inchi 2. Kiungio kipya kilikuja na tufe la milimita 50. Tofauti haifiki milimita moja na kikombe kinafunga vizuri tu ukikitazama, lakini kinabaki na mchezo, na mchezo huo unagonga kila unapokanyaga breki mpaka unakula chuma. Tukabadilisha tufe. Somo dogo, ila nimeona watu wenye akili zao wakilipuuza.

Kwenye injini sina mengi. Nguvu inatosha, pikapu za dizeli za siku hizi hazina shida ya kuvuta tani mbili na nusu. Joto la oili ya giaboksi ndilo la kulinda. Tulisoma joto kwa kifaa cha uchunguzi kilichochomekwa chini ya dashibodi, na kwenye mpando mrefu likawa linakaribia nyuzi 120, pale ambapo oili ya otomatiki inaanza kuungua na kupoteza maisha yake haraka. Rejeta ndogo ya oili mbele ya rejeta ya maji ililishusha chini ya 100. Dereva naye akaambiwa asiache giaboksi ijichagulie gia za juu mpandoni, ikiruka juu na kushuka kila dakika. Na mteremkoni asisahau kwamba ekzosi breki aliyoizoea, ile inayobana moshi wa injini ili gari lijizuie, imeuzwa pamoja na gari la zamani. Gia ya chini aiweke kabla ya kuanza kushuka, gari likiwa bado linamsikiliza.

Tairi zilikuwa sawa. Namba ya mzigo pembeni yake ni 110, yaani kilo 1,060 kwa tairi moja, na mwisho wa ekseli kwa upande mmoja ni 875. Upepo tu ndio ulikuwa mdogo. Vioo vya pembeni tukaongeza vya kuchomeka, kwa kuwa trela ni pana kuliko gari.

Kuyumba kumekwisha kwa mwendo wa kilomita 80. Juu ya hapo sijamshauri ajaribu. Kwenye pikapu kubwa trela lilikuwa jepesi kuliko gari kwa mbali. Hapa gari ni 2,580 na trela 2,670. Upepo wa lori linalopita unasikika, na utaendelea kusikika hata kila kitu kikiwa kimefungwa vizuri.

Kwa mzigo huu nilimwambia kubadilisha gari kulikuwa uamuzi mzuri. Ndipo akauliza alichokuwa amekuja nacho moyoni tangu mwanzo: kuna kijiko kikubwa kidogo amekiona, na trela lake zito zaidi, vyote pamoja vinafika 3,500 kamili. Si ndiyo namba iliyoandikwa?

Ndiyo iliyoandikwa. Namba hizo hupatikana kwa masharti. Kipimo cha SAE J2807, cha chama cha wahandisi wa magari, kinachofuatwa na watengenezaji wengi wa pikapu Marekani, kinapandisha gari mlima wa Davis Dam jimboni Arizona, kilomita 18 hivi, kiyoyozi kikiwa wazi mpaka mwisho, na kinahesabu ndani ya gari watu wawili wa kilo 68 kila mmoja. Hakihesabu ngao wala kanopi yako. Tukachukua kalamu. Mwisho wa gari na trela kwa pamoja ni 5,850. Toa 3,500, pikapu inabakiwa na 2,350. Toa uzito wake mtupu, 2,100, zinabaki 250. Toa ngao, kanopi na kiungio, 180.

Zinabaki kilo 70. Dereva mmoja mwembamba, bila tingo na bila spana.